Sadaka ya Kampuni na Haki ya Dereva

 

Ndugu zetu wasomaji, limeletwa katika darasa letu hapa Malaba suala ambalo tumeona haifai kulijibu kwa mdomo likaishia barazani. Kampuni moja ya uchukuzi, ambayo malori yake hupita hapa usiku na mchana, imejitolea kuichimbia madrasa kisima na kuwafuturisha watu mwezi mzima wa Ramadhani. Jina lake hatulitaji, kwani suala lenyewe si la kampuni moja. Wazee wa kamati walikwisha kufurahi, na mahali pa kisima palikwisha kupimwa na kutiwa vigingi. Ndipo waliposimama madereva wawili watatu wanaosali pamoja nasi, wakasema ya kwamba wao waidai kampuni hiyo hiyo posho ya siku walizolala katika foleni ya mpakani. Na kila wakidai huambiwa kuwa malipo yao ni ya safari, si ya siku. Wakauliza: maji ya kisima hicho yafaa kutiwa udhu?

Suala hili ni fupi kwa maneno yake, refu kwa maana yake. Ndani yake mna jambo ambalo wakuu wa makampuni duniani wamelijadili miaka mingi katika vitabu na mikutano, nalo ni hili: wajibu wa kampuni kubwa kwa watu ni kitu cha kuongezwa juu ya biashara baada ya faida kupatikana, au ni sehemu ya biashara yenyewe tangu inapopangwa? Twataka kulieleza kwa kadiri ya uwezo wetu, kisha tutaje tulilolikata juu ya kisima.

Asiyeijua Malaba na afahamu kuwa huu ni mji wa Teso ya Kaskazini, katika kaunti ya Busia, ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo, na ng'ambo ya mto ni Uganda. Barabara itokayo bandari ya Mombasa yapita hapa, na reli pia. Ngano, saruji, mabati, magari, dawa, na mafuta yaliyopakiwa Eldoret na Kisumu, vyote huvukia hapa au Busia kwenda Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo. Tangu mwaka 2014, nchi zetu zilipoanza kutoza ushuru kama eneo moja la forodha, na tangu vilipoanza vituo vya pamoja vya mpakani (kile cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari 2018), karatasi zimepungua na kuvuka kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Hayo ni ya kheri na twayakiri. Lakini foleni haijafa. Mtambo wa kompyuta ukizimika, au amri mpya ikitoka upande mmoja bila upande wa pili kujitayarisha, malori husimama, na yakisimama hujipanga kuelekea Bungoma mpaka jicho lisione mwisho wake.

Twakumbuka mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Uganda ilipoanza kuwapima madereva mpakani na majibu yakawa yachelewa. Twakumbuka tena Januari 2022, madereva walipokataa kuvuka kwa sababu ya kipimo cha lazima na ada yake, hata mafuta yakaadimika Uganda na bei yake ikapanda. Siku zile mtu alilala chini ya trela lake. Maji ya kunywa aliyanunua, na ya kuogea hakuyapata. Choo kilikuwa ni kichaka cha mtu mwingine, na mwenye kichaka akawa hana budi kugomba. Na juu ya hayo yote dereva aliitwa mleta maradhi. Akiingia dukani watu humpisha kama anayenuka. Huyo ndiye aliyekuwa akiwapelekea dawa na unga.

Sasa tazameni hesabu yake. Shehena ina bima. Mwenye duka Kampala amechelewa kuuza, lakini bidhaa ikiadimika bei hupanda, na pengine hakupata hasara yoyote. Tajiri wa malori ana mkataba na mwenye mali, na katika mikataba mingi mna kifungu cha kulipwa gari linapocheleweshwa. Dereva peke yake ndiye aliyepewa fedha za safari ya siku chache, akakaa nyingi. Hasara ya kusimama imefutwa katika daftari la tajiri ikaandikwa tumboni mwa dereva. Na mwisho wa mwaka, daftari linapofungwa na faida ikaonekana, hukatwa kijisehemu, kikaitwa mchango kwa jamii. Basi twauliza: kisima hiki chachimbwa kwa fedha za nani?

Hatusemi haya kwa kuyabeza mema ya watu. Makampuni makubwa siku hizi yana idara nzima za ihsani. Huzipaka rangi shule, hupanda miti, hutoa magodoro kwa hospitali, na watoto hufaidika kweli. Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa mwema. Lakini sharia yetu imezipanga haki kwa daraja, na aliyeruka daraja ya kwanza akaikanyaga ya pili hakupanda, ameanguka. Deni hutangulia sadaka. Katika mirathi deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya warithi kugawiwa. Na wanavyuoni wamesema kuwa mwenye deni lililofika muda wake, naye anaweza kulilipa, hana ruhusa ya kuacha kulipa akenda kutoa sadaka ya hiari. Katika Sura ya Baqara tumeamrishwa kutoa katika vizuri tulivyochuma, tena tukakatazwa kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na udhia. Yawaje basi sadaka ambayo udhia umeitangulia, yaani aliyeudhiwa ndiye aliyechangishwa bila ya khiari yake?

Huenda kampuni ikasema: Sisi tuliagana naye kwa safari, na Waislamu wamefungwa na masharti yao. Hoja hii si ya kudharauliwa, na darasani imetuchukua nyusiku mbili. Ni kweli kuwa kuajiri kwa kazi maalumu kwafaa kama kunavyofaa kuajiri kwa muda maalumu. Fundi aliyeagana nawe kujenga ukuta akichelewa kwa uzembe wake hakudai siku. Lakini dereva aliye katika foleni hakuchelewa kwa uzembe, wala hakukaa bure. Haruhusiwi kuliacha gari. Akienda kulala nyumba ya wageni na mafuta yakafyonzwa au turubai likachanwa, atakatwa yeye. Kwa hiyo siku zile ametoka katika kazi ya kuendesha akaingia katika kazi ya kulinda, na ulinzi ni kazi ambayo kampuni hiyo hiyo huilipa kwenye ghala zake Mombasa. Vipi ilipwe kwa aliyelinda chini ya paa na isilipwe kwa aliyelinda mvuani? Tena ahadi isiyojulikana mwisho wake ina ujinga ndani yake, na ujinga wenye kuleta ugomvi katika ujira huuharibu mkataba. Aliyeandika mkataba huu alijua kuwa Malaba pana foleni. Alinyamaza kwa makusudi ili kunyamaza kwake kuwe hoja.

Tena wengi wao hawana mkataba wa maandishi hata kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi asihesabiwe kibarua tena. Madereva wetu huitwa kwa simu: njoo kesho, pana kontena. Miaka 7 mtu huitwa kwa simu, kisha huambiwa hakuajiriwa.

Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim mna kisa cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa jambo alilolifanya kwa ajili yake. Wa tatu wao alikuwa ameajiri wafanyakazi akawalipa, illa mmoja aliondoka bila ya kuchukua ujira wake. Yule tajiri hakuuweka mfukoni, wala hakuutoa sadaka kwa jina lake mwenyewe. Aliufanyia biashara mpaka ukawa ngamia na ng'ombe na mbuzi na watumwa. Na siku mwenyewe aliporudi akidai ujira wa siku moja, alimwonyesha kundi zima akamwambia ni mali yako. Yule mtu alidhani anafanyiwa mzaha. Twaomba msomaji akiangalie vyema kisa hiki, kwani mara nyingi husomwa kwa ajili ya fadhila ya dua tu. Haki ya mfanyakazi iliingizwa ndani ya biashara, ikakua kwa kukua kwake. Na aliponyanyua mikono pangoni, alilolitaja mbele ya Mola wake lilikuwa ni ujira wa kibarua.

Sasa na tutoke pangoni tuwaangalie wakuu wa biashara wa zama zetu. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kuwa wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake kwa kufuata kanuni, na anayetumia mali ya wenye hisa kwa kheri nyinginezo anatumia mali isiyo yake. Mwaka 2011 wataalamu wengine wawili, Michael Porter na Mark Kramer, waliandika kinyume chake, ya kwamba kampuni na itafute faida katika lile lile linalowatatulia watu shida zao. Kwetu sisi wote wawili wameacha kitu. Friedman amesahau kuwa mwenye hisa naye ataulizwa juu ya mali yake imechumwa wapi. Na hawa wa pili wamefungua mlango mzuri, lakini wanapita humo pale tu penye faida. Je, ikiwa haki ya dereva haileti faida yoyote, itaachwa? Hata hivyo twafadhilisha kauli yao kuliko ya mwenzao, kwani walau wamewatoa maskini katika sanduku la sadaka wakawaingiza katika chumba cha mipango.

Mfano wa hayo upo katika barabara hii yetu. Kampuni ya Kiholanzi ya TNT, iliyokuwa kubwa sana katika kusafirisha barua na mizigo mpaka ilipouzwa kwa FedEx mwaka 2016, ilifunga urafiki na Shirika la Chakula Duniani mwaka 2002. Nchi za kusini ya Afrika zilikuwa na njaa wakati ule. Chakula kilikuwapo, malori yalikuwapo, lakini madereva walikuwa haba, kwa kuwa ukimwi ulikuwa ukiwaua. Dereva hulala siku nyingi mbali na nyumba yake, na hospitali za serikali hufunguliwa asubuhi wakati yeye yuko njiani na kufungwa jioni wakati anapoegesha. Basi mwaka 2005 wakaweka kliniki mpakani Mwanza, nchini Malawi, na mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya kuisimamia kazi hiyo, iitwayo North Star. Makontena ya mizigo yaligeuzwa vyumba vya matibabu, yakapakwa rangi ya buluu, yakawekwa pale pale malori yanapolala, yakawa wazi mpaka usiku. Vituo kama hivyo vikafika Kenya, vikawekwa katika njia hii itokayo Mombasa. Na khabari za mgonjwa zikatiwa katika kompyuta, hata dereva aliyepimwa nchi moja aweze kuendelea na dawa yake katika kituo cha nchi nyingine.

Tumelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu lina funzo ndani yake. Kampuni hii haikuuliza tutoe kiasi gani. Iliuliza: sisi twajua nini? Ikajibu: twajua kufuata mzigo unaotembea kutoka mji hata mji usipotee. Basi ujuzi ule ule wa kufuata kifurushi ukatumika kumfuata mgonjwa. Lau wangetoa fedha tu, zingelijenga zahanati nzuri katikati ya mji, mchana wazi na usiku imefungwa, na dereva angepita mbele yake akiitazama. Wala hatusemi kuwa walikuwa watakatifu. Bila ya madereva hapana uchukuzi, na faida yao walikuwa wakiijua. Lakini mgonjwa alitibiwa. Na upungufu wa jambo hili pia tuuseme: kliniki humtibu dereva maradhi aliyoyapata kwa kukaa njiani majuma mazima, haimuulizi bwana wake kwa nini amekaa njiani majuma mazima.

Kinyume cha mfano huu ni khabari ya zamani, nayo pia ni ya njia hii. Kabla ya malori palikuwa na misafara. Wapagazi walipanda kutoka pwani wakiwa na mizigo ya ratili 60 na zaidi vichwani, wakapumzika Mumias kwa Nabongo Mumia, kisha wakavuka kwenda Buganda. Wengi hawakurudi, njaa na ndui na maradhi ya tumbo yaliwamaliza. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya Malkia, nayo ilijinasibu kwa mambo mawili pamoja: biashara na wema. Mwanzoni mwa 1889 mkubwa wake wa Mombasa, George Mackenzie, aliwalipia fidia watumwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya wamisionari, wakapewa karatasi za uhuru. Ilikuwa ni tendo kubwa, lenye kuandikwa katika magazeti ya London. Lakini kampuni yenyewe haikuwa na hesabu ya kuiendesha nchi iliyojitwisha. Mwaka 1891 ilitangaza kuwa itajitoa Uganda kwa kukosa fedha, hata wafuasi wa misheni Uingereza wakachangisha ili ibaki muda kidogo. Na mwaka 1895 ikaiuzia serikali kila kitu ikafa. Wema uliokuwa umening'inizwa nje ya mzani wa biashara ulianguka kamba ilipokatika, na mpagazi aliendelea kubeba mzigo ule ule, kwanza wa kampuni, kisha wa serikali.

Mababu zetu wa Kiislamu walikuwa na njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameandika katika kitabu chake cha hukumu za utawala kazi za muhtasib, yaani msimamizi wa masoko. Miongoni mwake ni kumzuia mwenye mnyama asimtwike kupita uwezo wake, na kumzuia nahodha asipakie chombo hata kikaogopewa kuzama. Angalieni: hakuambiwa nahodha atoe sadaka kwa mayatima wa waliozama. Aliambiwa asipakie. Lau hukumu hii moja ingelisimamishwa, meli ya Spice Islander isingelitoka bandarini ile Septemba ya 2011, ikazama karibu na Nungwi pamoja na mamia ya watu, kwa kuwa ilipakia zaidi ya uwezo wake. Na inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alikhofu kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraqi, kwa nini hakumtengenezea njia.

Katika njia yetu hii nyumbu wamejikwaa sana. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madebe na ndoo, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Baada ya msiba kama huo kila mtu hutoa: sanda, chakula, damu. Na wajinga husema wale waliokufa walijitakia wenyewe kwa tamaa. Sisi twaona maneno hayo ni ukatili. Lakini tuliulize swali la muhtasib: kabla ya saa ile, nani alikuwa na wajibu? Gari la mafuta lina mwenyewe, na mafuta yana mwenyewe, na hao wawili wamekubaliana bei. Katika bei ile mlitiwa saa za dereva kulala? Mlitiwa breki mpya? Mlitiwa mtu wa kwenda kuwaambia wanavijiji wa kando ya mteremko, kabla ya msiba na si baada yake, kuwa petroli iliyomwagika si riziki iliyoshuka? Vitu hivi vina gharama, na gharama isipotiwa katika bei hulipwa na mtu mwingine.

Na hapa ndipo tunapoliona shina la mambo. Mwenye shehena kubwa, awe ni muuza mafuta au mwenye kiwanda cha saruji, huitisha zabuni ya uchukuzi. Huwa na masharti mengi: gari liwe la miaka mingapi, turubai la namna gani, mzigo ufike siku gani. Kisha humpa aliyetaja bei ndogo kuliko wote. Aliyetaja bei ndogo amepunguza wapi? Mafuta hayapungui, na ada za barabara hazipungui. Uzito nao una mizani yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeuwekea mpaka, na mzani wa Webuye uko njiani. Kinachopungua ni usingizi wa dereva, na posho yake, na mshahara wa utingo. Basi kampuni kubwa itakayo kujua kama wajibu wake kwa watu umeingia katika mpango wake wa biashara, isitutume tusome ripoti yake yenye picha. Ituonyeshe karatasi yake ya zabuni. Ikiwa mna sharti kuwa dereva ana mkataba wa maandishi, kuwa siku za foleni zalipwa, na kuwa atakayevunja hapewi mzigo mwaka ujao, basi wajibu umeingia.

Tutaje pia kampuni ambayo kila dereva anaibeba mfukoni. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007 iliwaondolea watu wa njiani shida kubwa. Zamani dereva alimpa mwenzake anayerudi bahasha ya fedha ampelekee mkewe, na bahasha nyingine hazikufika. Hii ni kheri iliyo ndani ya biashara yenyewe, wala haikuwa sadaka. Na mwaka 2016 kampuni hiyo ilisema kuwa imeyaingiza malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa katika mpango wake mkuu. Vizuri. Lakini kupitia simu hiyo hiyo, mwaka 2012 ulikuja mkopo wa M-Shwari wenye ada ya shilingi 7.50 kwa kila 100 kwa mwezi, na mwenye kukopa na kurudia kila mwezi hutoa 90 kwa 100 kwa mwaka. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, yenye ada ya kila siku. Sisi twaihesabu ziada hiyo kuwa ni riba, iitwe ada au iitwe jina jinginelo. Dereva aliyekwama foleni siku ya sita, posho imekwisha, hujikopesha Fuliza anywe chai. Mwezi wa Septemba 2022 ilitangazwa kuwa ada zitapunguzwa, na mkopo usiozidi shilingi 1,000 usitozwe ada ya kila siku kwa siku 3 za mwanzo. Waliopunguziwa walishukuru. Sisi tulijiuliza: lililowezekana mwaka 2022, mbona halikupangwa hivyo tangu 2019? Kampuni iliyochukua malengo ya kuondoa umasikini na kuyaweka katikati ya mpango wake, yafaa ianze kwa kuitazama ile bidhaa ambayo masikini ndiye anayeinunua akiwa hana njia nyingine.

Na sasa neno ambalo baadhi ya watu wetu hawatalipenda. Malori mengi yapitayo hapa ni ya Waislamu. Tunawaona katika safu za mbele. Wamejenga misikiti njia nzima, Mwenyezi Mungu awalipe, na msafiri hapati taabu ya kupata mahali pa kusali. Lakini imeingia desturi kwamba mwezi wa Ramadhani tajiri huwagawia madereva wake zaka, kisha akaona mambo ya mwaka mzima yamesawazika. Hili halifai, na ni wajibu wetu kulisema wazi. Zaka ni haki ya masikini kwa ufukara wake. Ujira ni haki ya mfanyakazi hata akiwa tajiri. Hailipwi hii kwa ile. Aliyemnyima dereva posho ya siku 9, kisha akampa zaka ya kiasi hicho hicho, hakutoa zaka wala hakulipa deni. Amebaki na mawili shingoni. Tena hao ndugu wasitwambie kuwa soko ndilo linalowalazimisha. Soko halikuwalazimisha kujenga misikiti, na wamejenga.

Tumerudi kwenye kisima. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya zawadi ya mtu ambaye mali yake imechanganyika halali na isiyokuwa halali. Wako walioruhusu maadamu kile kitu chenyewe hakijulikani kuwa ni cha dhulma, na wako waliopendelea kuacha. Udhu wa maji ya kisima hicho ni sahihi, na hatutaki mtu aliyesali aingiwe na wasiwasi. Lakini sisi si watu wasiojua. Wenye kudai wamesimama mbele yetu msikitini, na wamezitaja siku na tarehe. Tukipokea kimya kimya, tutakuwa tumemsaidia mdaiwa kuificha deni nyuma ya bao lenye jina lake. Wala hatusahau kuwa watoto wa madrasa huchota maji mbali, na kwamba waliosema tukipokee kisima hawakusema kwa tamaa ya nafsi zao. Mzee mmoja alitokwa na machozi kwa kuwahurumia wajukuu wake. Kwa hiyo hatukulikata jambo hili kwa wepesi.

Tulilolikata ni hili. Barua imeandikwa kwa kampuni, kwa adabu, kuishukuru kwa nia yake na kuiomba ianze na madai ya madereva wale, iyatazame kwa karatasi za forodha zinazoonyesha siku waliyofika na siku waliyovuka. Kisha iwaandikie mikataba, na humo iseme wazi malipo ya siku za kusimama. Likifanyika hilo tutapokea kisima, hata kama fedha zilizobakia hazitatosha illa nusu yake, na nusu ya pili tutaichimba wenyewe. Nakala ya barua imepelekwa kwa chama cha madereva, na nyingine kwa mwenye shehena ambaye kampuni humbebea mzigo. Madereva waliosema wameahidiwa na kamati kuwa majina yao hayatatajwa kabla wenyewe hawajaridhia.

Vigingi vya kisima havikung'olewa. Daftari la mchango liko kwa mweka hazina wa madrasa, hufunguliwa kila Alkhamisi baada ya sala ya Isha, na wa kwanza kuandika jina lake humo alikuwa ni mmoja wa wale madereva.